Nyongeza

Daktari alitamka neno moja, jongo,
mengine akayaandika kwenye cheti:
nyama basi, supu ya kongoro basi,
maini, figo, utumbo, basi, basi.
Meinradi alikisoma njia nzima kutoka hospitali
kama asomaye daftari la madeni.
Mla mbuzi hulipa ng'ombe, nikamwambia.
Hakucheka.
Miaka thelathini na moja ya bucha hapa Ndanda,
na kidole gumba cha mguu ndicho kimekuja kudai.

Basi Noeli hii jogoo anaishi.
Anapita mlangoni, anatukagua.

Mkate niliununua Jumatatu makusudi,
nikauacha ulale, ukalala tena.
Mkate wa leo ukiunywesha tui unageuka uji,
mkavu hunywa na kubaki na akili yake.
Nikauanika kwenye ungo, vipande vipande,
na mvua ya Desemba ikanikimbiza mara tatu.
Mara ya nne sikuwahi kuinuka:
Meinradi, na mguu wake wa kuvuta,
alishaukumbatia ungo kifuani
kama mtoto aliyetolewa kisimani.

Ndipo akasema, lete nikate.

Kisu kile kile. Kimeliwa na tupa
hadi kimekuwa chembamba kama mkia wa panya.
Alikata mikate mitatu bila kupima,
na kila kipande ndugu wa mwenzake.
Nilitaka kumwambia, ni mkate tu, Baba Fridolina,
nikayameza.

Vitunguu vikaingia kwenye mafuta ya nazi,
vikalia, vikanyamaza, vikawa vitamu.
Uyoga wa mwituni, ambao kina mama huuza barabarani
kwa kopo, una mchanga na jani la mti uliouficha,
niliuosha maji matatu.
Korosho zilikuwa za vipande,
zile zisizokubaliwa kusafiri;
nilizikaanga hadi nyumba ikanukia utajiri.
Mrehani. Ndimu. Pilipili manga,
chumvi kidogo, kwa maana cheti kina macho.
Tui zito nikalimimina mwisho,
mkono mmoja unamimina, mwingine unageuza,
na mkate ukashusha pumzi.

Kinaitwaje? akauliza Kandida, mjukuu.
Nikakosa jina. Cha kujazia, nikasema.
Kujazia nini?

Boga lilikuwa la nyuma ya jiko,
lilijiotea lenyewe palipotupwa maganda.
Nililikata kofia, nikalikomba matumbo,
nikashindilia mkate, korosho, uyoga,
nikalivika kofia yake.
Hatuna oveni. Tuna sufuria ya msibani,
mchanga chini yake, makaa chini na juu ya mfuniko,
na mtu wa kukaa karibu.
Alikaa yeye. Kengele za misa zilipolia
alikuwa bado anapuliza jivu.

Mezani mkwe wetu Nambole alitazama kushoto,
akatazama kulia, kama aliyepoteza ufunguo.
Kandida ndiye aliyesema: Babu, nyama iko wapi?

Meinradi alisimama. Alilipapasa boga,
akatafuta mahali ambapo mfupa ungekuwepo,
akachana.
Mvuke ukapanda. Mkate ulikuwa wa dhahabu pembeni,
laini katikati, korosho zikichungulia.
Hiki kidari, akasema, cha Nambole.
Hii sarara, ya Fridolina.
Wewe Kandida, steki, isiyo na mfupa hata mmoja,
na mtoto akapokea kwa mikono miwili.

Kwangu akafika mwisho.
Akakata, akaweka. Akanitazama,
akachota kingine kidogo
kwa ncha ya kile kisu chembamba,
akakiweka juu ya cha kwanza.

Nyongeza.

Mji mzima uliwahi kula nyongeza ya mkono ule.
Mimi nilikuwa nikiletewa vilivyobaki jioni,
vimefungwa gazeti, na nilipika nikashukuru.

Niliangalia sahani muda mrefu.
Kula, Mama Fridolina, kitapoa.
Nje jogoo aliwika saa saba mchana,
hana habari.